Sauti ya Fundi Viatu

Mjane wa fundi viatu alibonyeza kitufe kwa mara ya tatu. Taa iliyo juu ya benchi la marehemu ikawaka, picha yake ikajitokeza ukutani, mikono imeinuliwa kama anayepima kitu hewani, na sauti nzito ya mwanamume ikaanza kueleza jinsi kiatu kinavyomjua mvaaji wake. Mama huyo alisikiliza akiwa ameshika ukingo wa benchi. Nyuma ya pazia, Waya aliinamisha kichwa.

Sauti ile ilikuwa yake.

Yeye na Rula walikuwa na ofisi ya vyumba viwili ghorofani, wakitengeneza hadithi za kutazamwa na kusikilizwa. Waya alikuwa mtu wa mitambo: kompyuta, spika na hizo nyaya zilizompa jina. Rula, mke wa kaka yake, alikuwa mtu wa michoro na mipango. Hakukata hata ubao kabla hajajiuliza mgeni ataingia kwa mlango upi na atatoka na nini moyoni. Jumba la makumbusho liliwapa chumba kimoja, waonyeshe kazi za mikono zinazopotea. Kikipendeza, wangepewa jumba zima.

Rula alimchagua fundi viatu. Alizunguka mtaa mzima akiulizia habari zake, akarudi akisema marehemu alikuwa mtu wa watu, hakumjibu mtu vibaya hata siku moja. Akaleta benchi, nyundo, kengele ndogo ya mezani, na ubao mweusi wenye chaki iliyofungwa kwa uzi. Ubao ndio uliompendeza kuliko vyote. Alisema hapo ndipo mzee alipokuwa akiandika bei, akautundika mahali pa heshima.

Mjane aliwapa kaseti moja.

"Ni yeye huyu, akiwa kazini," alisema. "Sina nyingine."

Akaenda zake. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

Kwa kanda za zamani Waya alikuwa na desturi yake. Kabla ya jambo lolote huvunja kile kipande kidogo cha plastiki mgongoni mwa kaseti, ili mashine isiweze kurekodi juu yake. Siku hiyo alikuwa akibishana na Rula kuhusu rangi ya ukuta. Alisahau kipande, tena akabonyeza vitufe viwili badala ya kimoja. Alipogeuka, taa nyekundu ilikuwa inawaka na kanda inazunguka.

Aliirudisha nyuma, akasikiliza. Mwanzo ulikuwa mtupu. Baada ya hapo nyundo, kengele, nyundo tena, mpaka mwisho. Hapakuwa na neno hata moja. Basi maneno yote yalikuwa mwanzoni, na aliyeyafuta ni yeye.

Hakumwambia Rula. Alijifungia chumba cha sauti, akatunga maneno kutokana na zile habari za mtaani, akayasema kwa sauti ya kifuani, kisha akayachanganya na milio ya nyundo na mkwaruzo wa kanda kuukuu. Rula aliisikiliza mpaka mwisho.

"Shemeji, leo umenifunga mdomo," alisema. "Kaka yako ameshindwa miaka yote."

Akaupangua mpango wote wa chumba, ili taa, picha na benchi viifuate sauti ile.

Siku ya ufunguzi mjane aliuliza jambo moja tu, sauti hiyo wameitoa wapi.

"Kwenye kanda yako, mama," Waya alijibu.

Mjane alimtazama usoni. Kisha akabonyeza tena.

Tangu hapo alikuja karibu kila alasiri, na Waya hakupata raha. Alijiambia kwamba uongo unaomliwaza mtu si uongo wa kutisha. Lakini akizungumza kwenye simu aliisikia sauti yake mwenyewe, akaona haya, akakata.

Leo mjane hakubonyeza mara ya nne. Alifungua pazia akawakuta wote wawili.

"Nataka nakala," alisema. "Wanangu wanakuja kesho, wote. Nataka wamsikie baba yao."

Rula alikwisha kutoa flashi mkobani, anamnyooshea Waya. Waya hakuipokea. Huenda umri ulikuwa umemsahaulisha mama sauti ya mumewe, lakini watoto hawasahau. Wangejua kwa neno la kwanza, na wangejua mbele yake.

"Mama, siwezi," alisema. "Sauti hiyo ni yangu. Ya mzee niliifuta kwa uzembe wangu, nikaogopa kusema. Huyu mwenzangu hakujua."

Mkono wa Rula ulishuka taratibu. Alivuta kiti akakaa, akautazama ubao, taa, picha, vyote alivyovipanga kwa siku na siku.

"Na mimi nimejenga chumba kizima juu yake," alisema kwa sauti ya chini.

Waya alingoja matusi, au machozi. Angeyapokea yote. Mjane alimpita, akaenda hadi benchini, akaishika ile chaki iliyoning'inia, akaiviringisha vidoleni.

"Najua ni yako, mwanangu. Nilijua siku ile ile ya kwanza," alisema. "Na kwenye kanda hukufuta kitu ila nyundo."

"Lakini maneno yake, mama..."

"Maneno yake yalikuwa hapa." Aligusa ubao. "Baba yao alizaliwa bubu. Tangu utotoni wanangu wamekuwa wakiniuliza angekuwa na sauti gani."