Hongo ya Maji

Chupa moja ya maji ilikuwa ndani ya khanga, nyingine chini ya mto, na togwa liko kwenye chupa ya chai. Consolatha aliviingiza vyote wodini akijifanya amebeba nguo safi za mumewe.

Mumewe, Mzee Raymundi, aliteleza juu ya bani lake la kukaushia tumbaku kule Urambo akaangukia kichwa. Ubongo uliumia, na tangu hapo homoni inayozuia maji mwilini ikawa inatoka ovyo. Maji yakiingia hayatoki. Yakizidi, ubongo unavimba. Nesi Julieth, mgeni Tabora, alimpimia kila kikombe na kila mkojo.

"Mama, nakuomba," alisema. "Juzi ulimpa maji ukamwona alivyoshikwa degedege. Ukirudia tutampoteza."

"Nimekusikia, nesi."

Na kweli alisikia. Lakini mumeo akikutazama huku analamba midomo iliyokauka, utamwambia nini? Kwao mgonjwa hanyimwi maji. Moyo ulimuuma, mkono ukaenda kwenye chupa.

"Wanyamwezi! Hongo yangu iko wapi?"

Mzee mrefu mwenye ndewe zilizotoboka alikuwa mlangoni. Hakuuliza mtu, alikwenda moja kwa moja kitandani kwa Raymundi.

"Babu zenu walipita kwetu Ugogo na meno ya tembo mabegani. Hakuna aliyeonja maji yetu kabla ya kutoa hongo ya kupita! Nami nimeshuka na treni kuja kuichukua."

Akainyakua chupa, akainywa yote. Akainua mto, akapata ya pili. Togwa alilimaliza akajilamba.

Wodi nzima ilikufa kwa kicheko. Consolatha alitamani kulia, lakini afanyeje? Mgogo ni mtani wa Wanyamwezi; mtani hakasirikiwi, na alichotwaa hakidaiwi.

Julieth alikuja mbio. "We mzee, hapa si kilabuni! Toka!"

Alimfokea mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, ila hakumwita mlinzi.

Kesho yake Mgogo akarudi, na keshokutwa vilevile. Consolatha hajafungua khanga, huyu hapa. Alikunywa maji, uji, hata supu ya kuku, huku akimsimanga mgonjwa: "Kufa upesi basi, nirithi hilo bani!" Consolatha alimwapiza kimoyomoyo. Julieth akawa anafoka kila siku, na kila siku mzee anaingia.

Jumapili baada ya misa, Raymundi alifumbua macho vizuri. Alimwona mtani wake amebinua chupa mdomoni, koo linapanda na kushuka. Midomo ikamcheza.

"Mwizi we," alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu aanguke.

Consolatha alipiga vigelegele, akamkumbatia kila aliyekuwa karibu, Mgogo akiwemo.

"Umezidi sasa!" Julieth alimshika yule mzee mkono, akamkokota nje akimgombeza korido nzima. Walipofika nyuma ya chumba cha kufulia, alitazama huku na huku, kisha akapiga goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Tumbo hili litapasuka."

"Nenda chooni kwanza, baba. Yule mgonjwa mwingine aliyeanguka na bodaboda naye kazuiwa maji, na ndugu zake wameleta togwa."