Rufaa ya Nungunungu

Zamani wanyama walipokuwa na mahakama yao, Nungunungu alihukumiwa kufa kwa kumuua Kanga, kwa kuwa mwiba wake ulikutwa kifuani mwa marehemu. Akakata rufaa kwa Tembo, jaji mkuu, kwa hoja moja tu: Jaji Nyati aliwaelekeza vibaya wazee wa baraza kabla hawajatoa uamuzi wao.

"Aliwaambia nini?" Tembo akauliza.

"Kwamba mwenye mwiba ndiye athibitishe kuwa hakuua. Nami, mheshimiwa, miiba hunidondoka kila nipitapo. Nitathibitisha vipi?"

Akaitwa Kasuku, karani aliyehifadhi kila neno la mahakama kichwani. Kasuku akamtazama Nyati, akaziogopa pembe zake.

"Jaji alisema mshtaki ndiye athibitishe," akajibu.

Nungunungu akajua rufaa yake imekwisha. Nani angemwamini yeye amwache karani?

Ndipo Nyati alipoinuka, polepole kama kawaida yake. "Karani, usinipambe. Nilisema mwenye mwiba ndiye athibitishe. Nilikosea."

Tembo akaifuta hukumu papo hapo.

Nje, Nungunungu akamfuata Nyati. "Mzee wangu, nilikuja kukulaumu, nawe umenitetea."

"Sikukutetea, bwana. Hata sasa sijui kama hukuua."

"Sikuua."

"Nafurahi kusikia," Nyati akasema, akaenda zake mtoni.

Tangu siku ile, shahidi akisimama mbele ya mahakama ile huapa kwa pembe za Nyati, zile zile zilizomtisha Kasuku.