Bila Ua, ni Gugu Tu

"Andika!" mkurugenzi alifoka, akigonga meza. "Andika kwamba mmea huo haupo!"

Mtaalamu wa mimea alikuwa anaandika. Alisimama mbele ya meza, ubao wa karatasi mkononi, penseli ikienda mbio. Ofisi ilikuwa baridi kama friji. Kiyoyozi kilinguruma mchana kutwa na kudondosha matone pembeni mwa dirisha. Mara kwa mara aliinua macho, akayapitisha juu ya bega la bosi wake, kisha akayarudisha kwenye karatasi. Mkurugenzi alidhani ameshindwa kumtazama usoni, akafurahi.

Ugomvi wenyewe ulikuwa huu. Kule juu, kwenye msitu wa ukungu, mtaalamu alikuwa amegundua mmea usiojulikana popote pengine. Kampuni ya kuchimba mawe iliutaka mlima ule, na mkurugenzi alishawapa neno lake. Mmea ukitambuliwa rasmi, mlima haugusiki. Lakini ukiutazama majani, huwezi kuutofautisha na gugu linaloota kila mahali; ua ndilo linaloutenga. Na kabla haujachanua hata mara moja, tingatinga likapita kwenye kijito ulikoota, likaacha tope tupu. Siku hiyo mtaalamu alipiga magoti kwenye lile tope akalia, wala hakujali nani anamwona. Vilivyosalia huko juu ni vichipukizi, navyo kuchanua kwake ni miaka na miaka.

"Bila ua, ni gugu tu," mkurugenzi alisema. "Utaratibu ni utaratibu, mama. Nioneshe ua, nami nitanyamaza."

"Nitakuonesha."

"Utalitoa wapi, mfukoni?" Alicheka mpaka tumbo likatikisika. Akanywa maji, na yaliyobaki akayamwaga nyuma yake bila kugeuka, kwenye chungu cha majani ya mlimani alicholetewa na wafanyakazi miaka mingi iliyopita, siku alipopata cheo. Ndiyo ilikuwa tabia yake. "Kamati ya misitu inakuja Ijumaa. Ukinitia aibu, utafute kazi ya kufyeka nyasi."

"Panga ninalo," mtaalamu akajibu, na penseli haikusimama.

"Toka! Na ukifika hapo nje, mwambie katibu apunguze marashi. Ofisi nzima inanuka karafuu."

Katibu muhtasi, aliyekuwa amejikunyata ndani ya sweta, aliusikia ujumbe huo akashika kiuno. "Marashi gani? Mimi sijapaka kitu! Na wewe dada, kila asubuhi unajipeleka humo kutukanwa. Kwani una nini?"

"Nafuata baridi," mtaalamu alisema. "Kwetu maabara ni tanuri."

Hapo hakudanganya. Maabara feni yake ilishakufa zamani, na miche yote aliyoileta kutoka mlimani ilinyauka mezani, mmoja baada ya mwingine. Mmea ule hauvumilii joto. Unataka ubaridi na unyevu wa mawinguni. Wenzake walishamshauri aachane nao. "Mlima ni wa wakubwa," walimwambia, "utajiumiza roho bure." Alikuwa akiwasikiliza hadi mwisho, kisha anachonga penseli.

Ijumaa kamati ilikaa katika ofisi ile ile ya mkurugenzi. Mtaalamu alisoma maelezo yake akiwa amesimama wima, sauti kavu.

"Ua ni dogo, linaning'inia chini ya jani kana kwamba limejificha. Rangi yake ni ya maziwa, na ndani kooni ni zambarau. Harufu yake ni ya karafuu, huzidi asubuhi." Akazungusha mchoro. Kila mjumbe aliyeushika alikawia kuuachia.

"Uongo mtupu!" Mkurugenzi aliruka kitini. "Tingatinga lilipita kabla mmea haujachanua. Nilihakikisha mwenyewe!"

Wajumbe wakamgeukia.

"Yaani... niliambiwa," akasema, akaketi. Akanyakua glasi, akapiga mafunda mawili, na yaliyobaki akayamwaga nyuma yake.

Mwenyekiti wa kamati, mama mwenye miwani minene, aliuweka mchoro mezani. "Binti yangu, umechora vizuri, sikatai. Lakini hatuwezi kufunga mlima kwa ajili ya picha. Mmea wenyewe, ukiwa na ua lake, uko wapi?"

Mtaalamu akaiweka penseli yake nyuma ya sikio.

"Muulizeni mkurugenzi," akasema. "Ndiye anayeumwagilia."