Firigisi ya Jumapili

Ngazi ya fundi ilikuwa imeziba nusu ya mlango, ikabidi Damien ajipinde ili aingie, mkono mmoja ukilinda shati lake jeupe lisiguse rangi. Fundi alikuwa juu kabisa, akihangaika na skrubu za kibao cha jina la mgahawa. Damien aliona hiyo ni dalili njema. Watu hawakarabati hivi hivi. Labda kuna jambo linaandaliwa.

Alichagua meza ya pembeni, karibu na jikoni. Mguu mmoja wa meza ile ni mfupi. Alikunja karatasi ya kufutia mikono, akaisukumiza chini ya mguu bila hata kutazama.

Murielle, binti wa mwenye mgahawa, akaja na daftari lake. Ana miaka kumi na minne, na uso wa mtu aliyekwisha kuamua.

"Monsieur atakunywa nini?"

"Maji tu. Mama yako yuko?"

"Anapika," alijibu, akaondoka.

Damien hakumlaumu. Kumvumilia mwanamume anayemtaka mama yako si kazi ndogo kwa mtoto.

Mgahawa wenyewe ni chumba kimoja tu hapa ugenini, mtaa wa Rosettenville, meza nane, na vyakula vimeandikwa kwa chaki ukutani: supu ya vitunguu, saladi ya firigisi, samaki wa siagi. Mapishi ni ya Kifaransa, kama Thérèse alivyofundishwa na masista kule Bukavu. Jumapili baada ya misa hujaa Wakongo pamoja na wazee wa Kireno wa mtaa huu, wanaokula polepole utadhani wamelipia na kiti.

Jumapili iliyopita Damien alikuwa amemfuata Thérèse mpaka mlango wa jikoni, akamwomba amkubali, awe baba wa nyumba hii. Alisema yote, na sauti ilimkatika mara mbili. Thérèse alimsikiliza huku akimenya vitunguu, macho makavu kabisa.

"Rudia dimanche," alisema mwishowe, yaani Jumapili hii. "Nitapika kuku. Jibu utalionea ku sahani."

Damien alielewa. Kwa watu wao, kuku akipikwa nyumbani, firigisi ni ya baba. Watoto watagombania paja, mama atajipatia shingo, lakini firigisi haiguswi. Na mwanamke kuila? Bibi zao wangeshika vichwa. Kwa hiyo wiki nzima mtu mzima huyu, mwenye mvi masikioni, amelala akiota kinyama kisichozidi kidole gumba.

Kwenye meza ya jirani alikaa Ezéchiel, fundi cherehani aliyehamia mtaa huu mwaka jana. Akamwinamia.

"Grand, kaka mkubwa, naona macho yako iko jikoni tu. Courage! Huyu mama aliteseka sana. Bwana yake alimuachaka na mtoto wa miaka saba, akafuata mwanamke mwingine kule Randburg, ngambo ingine ya mji. Hata kwaheri hakusema. Eish!"

"Nimesikia," alisema Damien.

"Lakini weye unaonekana mutu muzuri."

Damien alikunywa maji yake yote kwa mkupuo.

Sahani ikaja. Murielle aliiweka mezani, akageuka. Damien akatazama, na moyo ukamruka. Firigisi! Zilikuwa kumi na moja, zimekaangwa zikaiva vizuri, juu ya majani mabichi na vipande vya mkate mkavu. Alitaka kucheka. Alitaka kusimama amwambie Ezéchiel.

Furaha hiyo ilidumu mpaka alipotupa jicho kwa wazee wawili wa Kireno waliokaa dirishani. Nao walikuwa nazo hizo hizo, kwenye sahani hizo hizo. Ilikuwa ile saladi ya ukutani, ya pili kutoka juu, anayopewa yeyote aingiaye na njaa yake.

Mlango wa jikoni ulikuwa umeachwa wazi. Thérèse alivua aproni, akakaa kwenye meza ya familia, kwenye kile kiti kikubwa cha mwisho. Murielle akafunua sufuria, akatafutatafuta kwa kijiko ndani ya mchuzi, akaibuka na firigisi moja. Akaiweka kwenye sahani ya mama yake.

Thérèse aliila. Aliikata vipande vitatu, akatafuna kimoja kimoja bila haraka, na hakumtazama mtu yeyote.

Damien hakugusa chakula chake. Aliogopa kulia mbele ya watu wanaokula. Aliinuka, na Murielle akamsindikiza mpaka mlangoni, kama anavyowasindikiza wateja wote.

"Asante kwa kuja, monsieur."

"Murielle," alisema, lakini mtoto alikwisha kurudi ndani.

Nje, fundi alikuwa ameshuka ngazi, akikitazama kibao kipya kwa mbali ili aone kama kimekaa sawa. CHEZ THÉRÈSE, yaani kwa Thérèse. Kile cha zamani kilikuwa chini, kimeziba njia. Fundi akakisogeza kwa mguu ili mteja apite.

Kiliandikwa CHEZ DAMIEN.