Nafasi ya Mzee Bok Uwanjani

Jumanne, tarehe 17 Oktoba, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, Sun-rye alianguka kutoka kwenye ua la chuma.

Ua lenyewe ni sanamu inayosimama mbele ya mnara wa ghorofa arobaini na moja, katikati ya Seoul. Urefu wake ni wa nyumba ya ghorofa mbili. Sheria inasema mwenye jengo kubwa lazima aweke sanaa uwanjani, eti na watu wa kawaida nao waburudike. Asubuhi ile wakaguzi wa wilaya walikuwa wanakuja kuitazama sanaa hiyo, na njiwa walikuwa wameichafua. Basi Sun-rye, mama wa usafi mwenye miaka sitini na sita, akaambiwa apande ngazi akapanguse kinyesi. Wa kumshikia ngazi hakuwepo. Wakubwa hawashiki ngazi.

Wakaguzi walipofika saa tano, ua lilikuwa linang'aa na sakafu ilishaoshwa.

Mumewe, Bok Chil-seong, alikuwa fundi matofali. Shule aliishia darasa la tano. Matanga yalipokwisha alikwenda kuuliza jambo moja tu: nani alimtuma peke yake? Ofisi ya mnara ikasema yule alikuwa mtu wa wakala wa usafi. Wakala akasema amri ilitoka mnarani. Wilaya ikasema wao wanakagua sanaa, hawakagui ngazi.

Akatafuta ubao, akaandika kwa rangi nyeusi: NANI ALIMTUMA MKE WANGU PEKE YAKE? Akaenda kusimama nao karibu na ua.

Mlinzi Pyo alimjia mbio. "Mzee, toka hapa. Unaharibu mandhari."

"Tuko wangapi?"

"Akina nani?"

"Sisi tulio na ubao. Hebu tuhesabu."

Pyo akafyonya, akarudi kibandani kwake. Wawili wakisimama na ubao ni maandamano, lazima polisi wapewe taarifa. Mmoja ni mtu tu amesimama. Nchi nzima inalijua hilo, ndiyo maana kila mlango wa wakubwa una mtu wake mmoja na ubao wake.

Chil-seong alisimama kila siku ya kazi, kuanzia saa tano na nusu hadi saa saba na nusu, wafanyakazi wanapotoka kwenda kula. Novemba ikapita. Desemba theluji ikamjalia kofia. Watu walijifunza kumkwepa bila hata kuinua macho kwenye simu.

"Leo tena?" Pyo alimtania. "Mzee, hata lile ua baridi ikizidi tunalifunika turubai."

"Ua lina wenyewe."

Januari akashuka binti wa ofisini, meneja msaidizi Seon, na chai ya shayiri kwenye kikombe cha karatasi. Alimwinamia kwa heshima. Tangu msiba, hakuna mtu wa mnara aliyekuwa amemwinamia.

"Baba, mikono haijafa ganzi?"

"Ilishakufa. Unataka nini?"

"Mnara wetu wa pili unakaribia kukamilika, pale ng'ambo ya uwanja. Wakubwa wamekuwa wakikuzungumzia huko juu."

"Wanizungumzie nini? Waambie washuke waniambie mimi."

"Wamekubali usiondolewe, baba."

Chil-seong alimtazama kama mtu aliyeambiwa mvua inanyesha kwenda juu.

Kesho yake Seon alirudi na bwana mmoja aliyefunga nywele kisogoni. Bwana yule hakusema sana. Alimzunguka mzee mara tatu, akimpiga picha mbele, ubavuni na nyuma, kisha akamshushia utepe wa kupimia kutoka begani hadi chini.

"Usijinyooshe, mzee. Simama unavyosimama siku zote."

"Vipimo vya nini hivi?"

"Vya nafasi yako," Seon akajibu. "Tunataka iwe ya kudumu."

"Na jibu langu?"

"Siku ya ufunguzi mkurugenzi mwenyewe atakuzungumzia mbele ya watu wote, na wilaya ikiwepo."

Akampa karatasi nne zilizojaa herufi ndogo kama mbegu za ufuta. Chil-seong alisoma mstari wa kwanza, akachoka. Akatoa mfukoni muhuri wa jina lake, ndio sahihi yake, akagonga alipoonyeshwa.

"Sasa pumzika nyumbani, baba. Nafasi yako haichukuliwi na mtu."

Jioni alikaa mbele ya picha ya Sun-rye, akamwekea bakuli la wali. "Wamekubali," akamwambia. "Usiniulize imekuwaje. Wamekubali."

Tarehe 2 Mei alivaa suti aliyoivaa msibani. Pyo alimpigia saluti kabisa. "Leo wewe ndiye mgeni rasmi, mzee! Usitusahau sisi wa kibandani."

Akapewa kiti mstari wa pili. Mbele ya mnara mpya palikuwa na kitu kirefu cha kimo cha mtu, kimefunikwa kitambaa cheupe. Jiwe la kumbukumbu, Chil-seong akawaza. Akajiuliza kama jina la Sun-rye wamelikosea.

Mkurugenzi alisema uwanja huu ni wa watu wote. Akasifu uvumilivu wa raia wa kawaida, anayesimama jua na theluji. Hakutaja ngazi. Chil-seong akasogea ukingoni mwa kiti, akisubiri aitaje. Wakaguzi wa wilaya walikuwa wanatikisa vichwa kwa kuridhika.

Kitambaa kikashuka. Akaona viatu vyake, koti lake, mabega yake yaliyoinama, vyote vya shaba, na mikononi ubao uliosuguliwa ukawa laini kama kioo, hauna hata herufi moja.

Makofi yakapigwa. Mwanamke mmoja akasogea kupiga picha, kisha akamgeukia mwenzake.

"Mzee huyu alikuwa anauliza nini?"