Simu za Shule Tatu

Simu ililia kabla hapajapambazuka vizuri, na wanawake wote waliolala sebuleni wakainuka kwa pamoja.

"Ni wao?" aliuliza Josiane, akipapasa gizani kutafuta kitambaa chake cha kichwa. "Wamefika?"

Kabanyana alisikiliza kidogo, kisha akatikisa kichwa. Hawakuwa wale waliokuwa barabarani. Ilikuwa ile sauti ya mashine kutoka shule ya Louisville: mabasi yatachelewa kwa sababu ya barafu, mtoto asisimame kituoni bila kofia na glavu.

"Louisville!" Josiane alijitupa tena kwenye godoro. "Bon, Mama Isaro, kule ulihama mwaka gani?"

"Zamani."

"Na wanakutafuta mpaka leo! Mimi, bwana yangu hajanitafuta hivyo hata siku moja."

Wanawake walicheka kwa sauti za chini. Mlango wa chumba cha Isaro ulikuwa umefungwa, na kila aliyepita hapo alikanyaga polepole. Nje, theluji ilikuwa imefika kwenye vidirisha vya chini vya nyumba zote za mbao za mtaa ule wa West Side, mjini Buffalo.

Hawajamaliza kukunja mablanketi, simu ikalia tena. Wakaruka tena. Ilikuwa Columbus: barabara zinateleza, shule itachelewa kuanza kwa saa mbili.

Safari hii Josiane hakutania. Alimkaribia Kabanyana, akakaa naye pembeni ya godoro.

"Donc, dada, sikiliza. Watu wako njiani na magari mawili, usiku muzima, ndani ya theluji. Kila simu ikiita, roho inaruka, tunafikiri gari imeanguka. Hizi shule za zamani uziambie leo ziache. Ao nikupigie mimi?"

"Nitapiga mwenyewe."

"Utaweza?"

"Nitapiga mwenyewe, Josiane."

Familia ilikuwa imefuata kazi. Kwanza ghala la Jeffersontown, pale Louisville, kisha Columbus, kwa kaka yake Kabanyana, mwisho Buffalo. Kila mahali aliacha namba yake ya simu shuleni, akaondoka bila kuaga. Watu walidhani ni usahaulifu. Lakini Louisville ndiko Isaro alikoiona theluji mara ya kwanza, akailamba, akatangaza kwamba haina chumvi. Columbus ndiko alikong'oka meno mawili ya mbele, akawa akitaka kusema neno anapiga mluzi. Kwa Kabanyana, zile simu za asubuhi zilikuwa watu wanaomuulizia binti yake. Mtu anayekuulizia mtoto wako, utamwambiaje anyamaze?

Ofisi zilipofunguliwa, aliingia jikoni akasimama mbele ya jiko, mikono imeshika pembe za kitenge. Darasani kwake, kule kwenye masomo ya Kiingereza ya jioni, mwalimu huwafanyisha mazoezi ya simu kila wiki, na kila wiki Kabanyana humwachia mwenzake zamu yake. Leo hakukuwa na wa kumwachia.

"Bwana Yesu," alisema taratibu, "niwekee maneno kinywani. Yawe machache. Na uniwekee na sauti ya kuyasemea."

Akapiga Louisville.

"Binti yangu hasomi tena hapo," alisema kwa Kiingereza.

Mwanamke wa upande wa pili aliuliza jina la mtoto na tarehe ya kuzaliwa. Kabanyana akavitaja. Vidole vilisikika vikibonyeza mashine. Basi, limekwisha, mjikinge na baridi, siku njema.

Columbus nako aliongea vilevile. Sentensi ileile, jina lilelile, tarehe ileile. Alipokata simu, Josiane alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni.

"Mama Isaro! Unaongea kama ule wa televizyo!"

Kabanyana alikaribia kutabasamu. Alichukua birika akaenda nalo sebuleni, ambako akina mama walikuwa wameanza kupanga viti vya kukunja vilivyoletwa kutoka kanisani. Sufuria kubwa ya chai ilikuwa tayari. Mikate ilikuwa imekatwa.

Simu ikalia mara ya tatu.

Hakuna aliyesogea. Kabanyana alipokea, akasikiliza. Hawakuwa wale wa barabarani, na haikuwa mashine. Alikuwa karani wa shule ya hapohapo Buffalo, mitaa miwili kutoka nyumbani. Theluji ilikuwa imewafungia shule, alisema, leo ndiyo wamefungua, na Isaro hajaonekana. Alikuwa anatamka neno moja moja, kwa upole, ili aeleweke.

"Mama, kama ni shida ya koti, usione haya. Tunawakumbusha wazazi wote: leo watoto watacheza nje, kila mmoja awe na koti, glavu na buti. Lakini hapa tunavyo, vya kila kipimo. Wewe mlete tu. Tutamvika."

Kabanyana aliweka birika chini. Josiane alinyoosha mkono achukue simu. Yeye akaushika ule mkono, akaurudisha polepole.

"Binti yangu hasomi tena hapo," alisema.

"Oo. Mmehama tena?"

"Hapana. Sisi tuko." Sauti aliyoiomba ilikuwepo bado. "Asante, mama. Koti analo. Tulimvika jana. Tunamzika leo, ndugu wa Louisville na Columbus wakifika."