Shukrani ya Kila Funda

Kuku na Njiwa walikuwa wakinywa maji kwenye beseni moja uani. Kila alipomeza funda, Kuku aliinua kichwa juu na kusema, "Alhamdulillahi." Njiwa, mwenye haraka zake, alizamisha mdomo akavuta maji mfululizo.

"Mwenzangu, si maji yale yale ya jana?" Njiwa alimcheka. "Shukuru mara moja yaishe!"

Kuku akameza, akainua kichwa, akamwona Mwewe anashuka. "Kimbia!" Wakajitupa chini ya tenga, mkia wa Njiwa ukabaki kwenye kucha za Mwewe.

Kesho yake Njiwa naye aliinua kichwa kila funda.

"Hiyo si shukrani, mwenzangu," Kuku alisema. "Huo ni woga."

"Najua," Njiwa akajibu. "Niache nianzie hapo hapo."